Sanduku Lililorudi Zito: Maneno Machache Juu ya Uonevu wa Watoto Shuleni

Shule za bweni zifungwapo, wazazi wengi wana desturi moja. Mtoto akisha kuwaamkia watu na kunywa chai, mama hulivuta sanduku lake la bati, akalifungua, akaanza kuhesabu. Blanketi liko wapi? Viatu vya mpira vimekwenda wapi? Mbona kijiko hakimo? Kitu kikipungua, mtoto huulizwa maswali mengi, na pengine hupigwa. Desturi hiyo si mbaya, maana vitu hununuliwa kwa jasho. Lakini sijapata kumwona mzazi aliyemwuliza mtoto wake kwa sababu sanduku limerudi na vitu vingi kuliko lilivyokwenda navyo.

Naandika habari hizi kwa kuwa jambo hilo lilitokea nyumbani mwangu. Si rahisi kuliandika, lakini mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mimi ni karani katika ofisi ya serikali, nami namlea mpwa wangu, mwana wa dada yangu, tangu baba yake alipofariki. Ni kijana wa miaka 16, mpole nyumbani, mwepesi wa kutumwa, na ripoti zake za shule hazijanitia aibu. Likizo moja mke wangu alikuwa akitoa nguo zake ili zifuliwe, akaniita. Mkononi alikuwa na sweta ya shule. Ndani ya ukosi palikuwa na namba iliyoshonwa kwa uzi mweupe, nayo haikuwa namba ya mpwa wangu. Chini ya sanduku mlikuwa na taulo mbili ambazo hatukuzinunua sisi, na sahani ya chuma ambayo jina lililochorwa juu yake kwa msumari lilikuwa limekwaruzwa ili lisisomeke.

Nilimwita, nikamwuliza, "Vitu hivi ni vya nani?"

Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mjomba, ni vya wadogo. Kila mtu hufanya hivyo. Hata mimi nilipoingia walinichukulia vyangu, na blanketi nalo, nikalala baridi muhula mzima."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, Mjomba. Uliniambia nivumilie, ndivyo mtu anavyokuwa mwanamume."

Mkono wangu ulikuwa umekwisha kuinuka ili nimpige. Maneno hayo yaliushusha. Nilikumbuka kwamba kweli nilisema hivyo, tena nilisema huku nikisoma gazeti.

UONEVU NI NINI?

Kwanza yafaa tuelewane juu ya maana ya neno lenyewe, kwa sababu watu wengine hudhani kwamba kila ugomvi wa watoto ni uonevu, na wengine hudhani kwamba uonevu wote ni utani tu. Bwana Dan Olweus, mtaalamu aliyezaliwa Sweden na kufanya kazi miaka mingi katika Norway, alianza kuuchunguza uonevu wa shuleni mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alifundisha kwamba uonevu una alama tatu. Alama ya kwanza ni kukusudia kumwumiza mwenzako, kwa mkono, au kwa ulimi, au kwa kumtenga. Ya pili ni kurudiarudia. Ya tatu ni tofauti ya nguvu: anayeonewa hawezi kujitetea, ama kwa sababu yu mdogo, ama yu peke yake mbele ya kundi, ama ni mgeni.

Wavulana wawili wa kimo kimoja wakigombania mpira, wakapigana, huo ni ugomvi, na kesho watacheza pamoja. Lakini kijana wa darasa la juu akimlazimisha mdogo kumfulia soksi kila Jumamosi, na kumnyang'anya mkate kila asubuhi, huo ni uonevu hata kama hapigwi kofi hata moja. Katika shule za wasichana mara nyingi hapana ngumi wala teke. Kuna kunong'ona, kucheka nguo za mtu, na kukubaliana kwamba fulani asisemeshwe na mtu yeyote. Siku hizi tena uonevu umepata mguu mwingine, nao ni simu. Mtoto aliyedhaniwa kuwa amepumzika nyumbani wakati wa likizo huendelea kutukanwa usiku kucha katika makundi ya kuandikiana, wala mama yake aliye jikoni hana habari.

KUKU MGENI HAKOSI KAMBA MGUUNI

Wazee walisema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Ni kweli, mgeni hana budi kujifunza desturi za mahali. Lakini katika shule nyingi za upili za Kenya, kamba hiyo imekuwa kitanzi. Mwanafunzi mgeni huitwa "mono," na jina lenyewe tayari ni kama amri: mono hana ruhusa ya kupita njia fulani, mono hali kwanza, mono hulipa kwa kuwa ni mono.

Desturi ya wakubwa kuwafanya wadogo watumishi si ya Kenya peke yake. Katika shule za bweni za Uingereza ilikuwa jambo la kawaida kwa miaka mingi mvulana mdogo kumtumikia mkubwa na kupigwa naye. Bwana Thomas Hughes alisimulia mateso ya namna hiyo katika kitabu chake kiitwacho Tom Brown's School Days, kilichotolewa mwaka 1857, juu ya maisha ya shule ya Rugby. Shule zetu nyingi za zamani, zilizoanzishwa na misheni na serikali wakati wa ukoloni, zilichukua kutoka huko mpango wa mabweni na viranja. Mpango wenyewe una mema yake, maana mwalimu mmoja hawezi kuwalinda watoto 80 usiku. Hatari yake ni hii: kijana wa miaka 17 akipewa mamlaka pasipo mtu wa kumchungulia, mara nyingi huyageuza kuwa fimbo. Mwaka 2017 magazeti ya Kenya yalijaa habari za shule moja mashuhuri ya wavulana ambamo wakubwa, na viranja miongoni mwao, walidaiwa kuwapiga na kuwatesa wadogo, hata Wizara ya Elimu ikapeleka watu kuchunguza.

Mpwa wangu alinieleza jambo hili kwa maneno machache kuliko ninayoyatumia mimi. Alisema, "Mjomba, ukionewa mwaka wa kwanza, unangojea mwaka wa pili." Hapo ndipo penye mzizi wa mambo. Aliyeonewa ana deni moyoni, lakini aliyemwonea amekwisha kuwa mkubwa zaidi, au ameondoka shuleni. Basi humlipisha mtoto mwingine ambaye hakumkosea neno. Na yule mtoto naye hungojea zamu yake.

NILIYESIMAMA MLANGONI

Si haki nimseme mpwa wangu nikajificha mwenyewe. Mimi nilisoma katika shule ya upili ya misheni. Nilikuwa kidato cha pili mwaka 2005, wala sikuwa mwonevu. Sikumpiga mtu. Kazi yangu ilikuwa kusimama mlangoni pa bweni baada ya taa kuzimwa, na kukohoa mara mbili kama mwalimu wa zamu akija na tochi yake. Nilipewa kazi hiyo kwa kuwa nilikuwa na masikio mepesi, nami niliikubali kwa kuwa asimamaye mlangoni hapigwi.

Alikuwapo mvulana mmoja mgeni aliyekuwa na kigugumizi. Kila usiku walimwamuru asimame juu ya kitanda na kusoma ilani ya sabuni kama mtangazaji wa redio. Alipokwama katika neno, walimpiga kwa mkanda mpaka alimalize. Watu wote walicheka. Hata mimi nilicheka kule mlangoni, ijapokuwa nilikuwa nimewapa mgongo na hapana aliyeniona. Katika juma la tatu aliondoka alfajiri, akaacha godoro lake. Baba yake alikuja kulichukua. Alimwuliza mwalimu mbele yetu, "Mwanangu amekosa nini?" Sote tulitazama chini. Mvulana yule hakurudi tena, nami sijui kama aliendelea kusoma mahali pengine.

Wakati huo nilijiambia kwamba sikutenda kosa. Siku hizi nafahamu kwamba pasipo mtu wa kukohoa mlangoni, na pasipo watu wa kucheka, mchezo ule usingalifika siku ya pili.

NGUVU YA WANAOTAZAMA

Jambo hili si dhana yangu tu. Wataalamu wa Canada walifunga vinasa sauti na kamera katika viwanja vya shule za Toronto, wakatazama yanayotendeka walimu wasipokuwapo. Katika habari walizozitoa mwaka 2001 walieleza kwamba karibu mara 9 katika kila 10 mtoto alipoonewa, watoto wenzake walikuwapo wakitazama. Waliothubutu kuingilia kati walifanya hivyo mara 2 tu katika kila 10. Lakini walipoingilia, zaidi ya nusu ya uonevu huo ulikoma kwa muda wa sekunde 10. Hebu tufikiri: sekunde 10 ni muda wa kusema, "Mwacheni, inatosha."

Katika Norway, mwisho wa mwaka 1982, wavulana watatu walijiua, na ikaonekana kwamba kuonewa shuleni kulikuwa chanzo kikubwa. Nchi nzima ilishtuka, na mwaka 1983 serikali ikaanzisha juhudi ya kupambana na uonevu katika shule zake. Bwana Olweus alifuatilia shule za mji wa Bergen. Shule hizo ziliwauliza watoto kwa siri, ziliongeza walinzi wakati wa mapumziko, ziliweka sheria chache zilizo wazi, tena zilisema na wazazi. Kwa muda wa miaka miwili uonevu ulipungua kwa kiasi cha nusu. Katika Finland nako, Chuo Kikuu cha Turku kilianza mwaka 2006 kutengeneza mafundisho yaitwayo KiVa, ambayo huwaelekea zaidi wale wanaotazama, ili waache kumshangilia mwonevu na wasimame upande wa anayeonewa.

Nchi hizo ni tajiri, lakini mambo hayo si ya gharama. Kuuliza, kutembelea bweni, na kuandika sheria tano ubaoni hakuhitaji fedha nyingi.

SHERIA YA NCHI

Wengine husema, "Mambo ya watoto yaachiwe watoto." Sheria ya Kenya haisemi hivyo. Adhabu ya viboko shuleni ilipigwa marufuku mwaka 2001. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya kulindwa na ukatili na adhabu zisizo za kibinadamu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu cha 36, yakataza mwanafunzi kuteswa au kudhalilishwa kwa namna yoyote, ya mwili au ya moyo. Avunjaye kifungu hicho aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa muda usiozidi miezi sita, au yote mawili.

Basi kama mwalimu mwenyewe amekatazwa kumpiga mtoto, kiranja amepata wapi ruhusa hiyo?

WAJIBU WA SHULE

Kwanza, mwalimu mkuu asingojee mashtaka. Mtoto aliyeonewa huogopa kusema, kwa kuwa jioni atarudi katika bweni lile lile. Afadhali wanafunzi wote waulizwe kila muhula kwa karatasi zisizo na majina: nani anaonewa, wapi, na saa ngapi? Majibu yatamwonyesha mwalimu mahali pa kusimama. Mara nyingi ni mahali pale pale: bafuni, kwenye foleni ya chakula, na bwenini baada ya masomo ya usiku.

Pili, wageni wasitupwe katikati ya wakubwa. Walazwe pamoja, karibu na chumba cha mwalimu, na kila mmoja apewe mkubwa mmoja mwema atakayeandikwa jina na kuulizwa habari zake.

Tatu, viranja waambiwe mbele ya shule nzima kwamba kazi yao ni kuongoza na kutoa habari, wala hawana ruhusa ya kuadhibu.

Nne, kesi ikija, mwonevu na mwonewa wasisimamishwe uso kwa uso na kuamriwa kushikana mikono. Mdogo atasema yamekwisha, kwa hofu. Kila mmoja asikilizwe peke yake, wazazi wa pande zote mbili waitwe, na baada ya majuma mawili mwalimu aulize tena. Tena aliyeleta habari asitajwe. Mtoto mmoja akitajwa na kupigwa kwa ajili ya kusema kweli, shule nzima itafunga mdomo kwa miaka mitano.

WAJIBU WA WAZAZI

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mtoto aonewaye pengine hatasema, bali mwili wake utasema. Tumbo humwuma kila siku ya kurudi shuleni. Vitu vyake hupotea mara kwa mara. Alama zake hushuka. Huomba fedha zaidi asiweze kueleza zilivyotumika. Huamka usiku. Mzazi akiona dalili hizo asimwulize mtoto mbele ya watu, "Wewe, nani anakupiga?" Amchukue shambani au dukani, watembee pamoja, amwulize taratibu, "Wakati wa chakula unakaa na nani? Usiku bwenini kukoje?" Kisha amsikilize mpaka mwisho.

Pia kuna maneno mawili yafaayo tuyaache. La kwanza ni "vumilia." La pili ni "nawe mpige." La kwanza humwacha mtoto peke yake, na la pili humpeleka mdogo kupigana na kundi. Badala yake mzazi aandike siku na mambo yaliyotendeka, aende kwa mwalimu wa darasa, kisha kwa mwalimu mkuu. Asiposikilizwa, iko bodi ya shule, iko ofisi ya elimu ya kaunti, na yuko afisa wa watoto. Iko pia simu ya bure ya namba 116, ambayo mtoto mwenyewe aweza kuipiga. Mtoto akiwa amejeruhiwa, hilo ni jambo la hospitali na polisi, si la kusuluhishwa kwa soda.

Na mzazi wa mwonevu afanyeje? Swali hili lilinihusu mimi. Wengi watasema, mchelea mwana kulia hulia yeye, basi mpige. Sikatai kwamba mtoto hana budi kurudiwa. Lakini niliona kwamba nikimpiga kwa kuwa mimi ni mkubwa na yeye ni mdogo, nitakuwa nimemthibitishia somo lile lile alilojifunza bwenini. Kwanza nilimwomba radhi kwa neno nililomwambia zamani, nalo halikuwa jambo jepesi kwa mjomba. Kisha nikamwambia kwamba vitu vyote vitarudi kwa wenyewe, kwa mkono wake mwenyewe.

Shule zilipofunguliwa niliomba ruhusa ofisini, tukaenda pamoja kwa mwalimu mkuu. Mpwa wangu alitaja aliyoyatenda. Taulo na sahani zilirudi siku ile ile. Alipewa kazi ya kufyeka nyasi baada ya masomo kwa majuma mawili, na jina lake, lililokuwa katika orodha ya viranja wa mwaka ule, likafutwa. Nilihuzunika, lakini sikumwombea.

Mwenye sweta hakuwa amefika. Kitanda chake kilikuwa kitupu. Nilipokiona kitanda kile nilikumbuka godoro la mwaka 2005, nikamwomba mwalimu mkuu atupe ruhusa ya Jumamosi. Tulisafiri kwa matatu muda wa saa mbili, tukauliza njia, tukafika. Mama yake alitukaribisha kwa heshima bila kujua tuliyoyafuata. Mpwa wangu alisimama, akamkunjulia yule mtoto sweta yake, akasema, "Nilikunyang'anya. Nisamehe."

Mama aliitwaa sweta, akaitazama namba aliyoishona kwa mkono wake mwenyewe. Akasema polepole, "Mimi nilimchapa kwa ajili ya sweta hii. Nilimwambia kwamba ni mzembe." Kisha akakaa chini, asiseme neno lingine kwa muda mrefu.

Mtoto yule alirudi shuleni siku ya Jumatano, baada ya mwalimu mkuu kumhamishia kitanda katika bweni la wageni. Sidai kwamba yeye na mpwa wangu ni marafiki. Nasema tu kwamba yumo darasani.

Basi, ndugu mzazi, shule zitakapofungwa, endelea na desturi ile ya kuhesabu vitu sandukuni. Likiwa jepesi, uliza kwa upole. Na likiwa zito, usifurahi kwamba mtoto wako ni mjanja. Keti naye, umwulize mwenye vitu ni nani, kisha uitafute nauli.